Kushukuru, Kutembea na Kula kwa Kiasi: Mwongozo kwa Mtu wa Kigoma

Kila Januari, na tena miezi miwili kabla ya harusi ya ndugu, Kigoma hupata wanamichezo wapya. Unawakuta barabara ya Lumumba wakipanda kuelekea Mwanga, viatu vipya, jasho linatiririka, uso umekunjwa. Wiki ya tatu hawapo. Ukiwauliza watakutajia magoti, kazi, mvua. Ukiwasikiliza zaidi utagundua kwamba walianza kwa ugomvi na miili yao. Mtu aliyeamka alfajiri kwa sababu anakichukia kitambi chake hana pa kushika siku kitambi kinapogoma kuondoka, na kitambi hakina haraka.

Hapa tunaanzia kwingine. Kwanza unautambua mwili kwa kazi unayokufanyia, unakitambua chakula kilichopo mezani, unashukuru kwa kutaja, halafu ndipo unarekebisha jambo moja moja. Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambamo kundi moja la wanafunzi wa chuo liliandika mara moja kwa wiki mambo ya kushukuru, na kundi jingine likaandika kero. Waliohesabu mema waliripoti malalamiko machache ya mwili na muda mrefu zaidi wa mazoezi. Ni wanafunzi tu, na wenyewe ndio waliojieleza, kwa hiyo tusiufanye msahafu. Mimi umenishawishi kwa sababu unafanana na ninachokiona mtaani: wanaodumu na mazoezi ni wale wanaoyapenda matembezi yenyewe, na wengi wao hata hawayaiti mazoezi.

Kama una presha, kisukari, ujauzito, au kifua kinakubana ukipanda mlima, pita kwanza kwa daktari. Na kama tatizo lako ni kwamba chakula nyumbani hakitoshi, usimruhusu mtu yeyote akuambie ushukuru halafu unyamaze. Mwongozo huu ni wa mwenye nafasi ya kuchagua, hata kama ni ndogo.

Wiki ya kwanza: andika tu

Nunua daftari la mistari, lile la wanafunzi. Kwa siku saba usibadilishe chochote. Kila jioni andika mwili umefanya nini na umekula nini, wapi, na nani. Usipime uzito, usihesabu kalori. Ukurasa mmoja unaweza kuwa hivi:

"Jumanne. Nimepanda kwa mguu kutoka stesheni hadi Mwanga, bajaji zilijaa. Jioni ndoo mbili za maji. Saa nne chai na chapati mbili. Mchana Ujiji kwa shangazi: ugali wa muhogo, migebuka, sombe (kisamvu). Nimekula hadi nikashindwa kuinama kufunga viatu. Jioni soda kijiweni, sikuwa na kiu."

Hayo maneno matatu ya mwisho yana faida kuliko mizani ya bafuni. Hakuna mtu aliyemgombeza mwandishi, na bado ameshaona mwenyewe pa kuanzia.

Wiki hiyo itakuonyesha pia uko kundi gani, na hapa ndipo miongozo mingi ya kutoka nje inapotupoteza. Inadhani kila msomaji anakaa kwenye kiti siku nzima. Kigoma kuna mbeba mizigo wa Kibirizi, kuna mkulima wa mpunga wa bonde la Luiche, kuna mama anayeanika na kugeuza dagaa tangu jua linapotoka, mgongo umeinama. Ukimwambia mama huyo akakimbie, unamwonea. Anachohitaji ni kupumzika, kujinyoosha, maji ya kutosha na kitoweo cha kutosha. Kundi la pili ni karani, mwalimu, muuza duka, fundi cherehani na dereva wa bodaboda, ambaye anazunguka mji mzima kutwa na miguu yake haijatembea hata hatua mia tano. Hao ndio wanaotakiwa kuongeza mwendo.

Kushukuru kwa kutaja

Sisi tunashukuru kutwa nzima. "Habari za asubuhi?" "Njema, tunamshukuru Mungu." Ni adabu nzuri na isiachwe, lakini mara nyingi mdomo unashukuru huku akili iko kwenye bei ya mchele. Zoezi lenyewe linataka utaje jambo mahususi, la siku hiyo. "Nashukuru kwa afya" haina mahali pa kukaa kichwani. "Nashukuru goti la kushoto, mwezi uliopita lilikuwa limevimba, leo limenipandisha ngazi za ofisi bila maneno" inakaa, na kesho utaliangalia goti lile kwa macho mengine.

Chagua jioni moja katika wiki. Wengine hupenda baada ya swala ya Isha, wengine Jumapili baada ya chakula. Andika mambo matatu hadi matano. Angalau moja liwe la mwili, moja la chakula pamoja na mtu aliye nyuma yake, yaliyobaki ni uhuru wako. Unaweza kufanya mara mbili kwa wiki, lakini sishauri kila siku: zoezi hupooza haraka, unajikuta unaandika yale yale ili umalize.

La chakula ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu Kigoma njia ya chakula bado inaonekana kwa macho. Chukua dagaa walio kwenye sahani yako. Kuna watu walitoka jioni na mitumbwi, wakawasha taa katikati ya giza ili dagaa wafuate mwanga juu, wakavuta nyavu usiku kucha. Kwa kuwa kazi inategemea giza, mbalamwezi ikiwa kubwa mavuno hupungua na wengi hupumzika. Asubuhi mtumbwi umefika Kibirizi au Katonga, mwanamke mmoja amenunua kwa ndoo, ameanika, amegeuza, amekimbia kuwafunika wingu lilipotanda. Halafu nyumbani kwako kuna mtu alikaa na ungo akachambua mchanga na vichwa vilivyovunjika. Ukiifuata njia hiyo hadi mwisho, kula kwa pupa kunakuwa kugumu kidogo.

Hatua inayofuata ni kumwambia mhusika. Usimwambie "asante kwa kila kitu", hayo ni maneno ya kuagana. Taja kitendo: "Dada, sombe la leo umelitwanga laini, limeiva vizuri." Atakujibu "asante kushukuru" na utaona uso wake. Kuna faida nyingine ya jikoni humo humo: mpishi aliyesifiwa kwa haki husikiliza siku unapomwomba apunguze mafuta. Mpishi anayesikia malalamiko tu huongeza.

Na usijilazimishe. Kama wiki ilikuwa mbovu, andika kwamba ilikuwa mbovu, kisha tafuta jambo moja dogo la kweli. Shukrani ya kulazimishwa huishia kwenye uongo, na daftari ni lako, humdanganyi mtu.

Mwendo: dakika 150 kwa wiki

Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa siku tano. Huna haja ya kuzimaliza kwa mkupuo. Dakika kumi za asubuhi, kumi za mchana na kumi za jioni zinahesabika zote.

Mwendo wa wastani ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kigoma hatuhitaji saa ya mkononi kupima hilo, maana huwezi kutembea dakika tano bila kusalimiwa. Kijana akikupa shikamoo ukaitikia "marahaba, hujambo?" bila kuhema katikati, ongeza kasi kidogo. Ukishindwa kuitikia kabisa, umezidisha. Na usikatishe salamu kwa ajili ya mazoezi. Mtu anayepita wazee bila kusalimia eti kwa sababu amevaa raba atasemwa, na atasemwa kwa haki.

Kuhusu saa: tuko magharibi kabisa ya nchi lakini tunatumia saa ile ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua la kwetu huchelewa kwa kama dakika 40. Saa kumi na mbili asubuhi bado kuna giza, wakati ratiba za mazoezi zinazotumwa kwenye simu zinakuambia saa kumi na moja na nusu uwe barabarani. Achana nazo. Faida yetu iko jioni: saa kumi na mbili kasoro jua limelegea na mwanga bado upo hadi karibu saa moja. Kwa wanawake hasa, jioni yenye watu ni salama kuliko alfajiri ya giza. Tafuta mwenzako mmoja, vaa dera au suruali pana upendavyo, viatu viwe vya kukaa mguuni.

Kwa anayeanza kabisa, Ujiji kuna tambarare na kivuli cha miembe. Zunguka mitaa huko wiki mbili, dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa wiki. Wiki ya tatu na ya nne fika dakika 20. Baada ya hapo jaribu mlima wa kutoka stesheni kwenda Mwanga. Panda polepole, na ukishuka usikimbie, kwa sababu kushuka ndiko kunakoumiza magoti kuliko kupanda. Mwenye magoti mabovu apande kwa mguu ashuke kwa daladala. Hakuna aibu, nauli hiyo ni ndogo kuliko dawa za kuchua. Barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu, tembea ukiyatazama magari yanayokuja, usiyape mgongo.

Sheria moja tu naomba uishike: ukikosa siku, usilipe deni. Aliyekosa Jumatatu na Jumanne akaamua Jumatano atembee saa moja na nusu ndiye yule wa wiki ya tatu hayupo. Siku mbovu ina kiwango chake, dakika tano kuzunguka nyumba, basi.

Misuli: mara mbili kwa wiki, siku zisizofuatana, piga pushapu za ukutani kumi, simama umeegemeza viganja kwenye ukuta. Kisha kaa kwenye kiti na kusimama mara kumi bila kushika kitu. Kisha beba. Ndoo ya lita 10 ikijaa ina kilo 10. Chukua mbili, moja kila mkono, mgongo umenyooka, tembea nazo uani kwenda na kurudi. Hii ni bora kuliko kubeba moja upande mmoja kama tulivyozoea, uti wa mgongo unagawana mzigo sawa. Mzunguko huo ukizoeleka, rudia mara mbili, tatu. Huhitaji jimu.

Ziwa linavutia, na kuogelea ni zoezi zuri lisilogusa magoti. Lakini kuna kichocho sehemu za fukwe, hasa maji yaliyotulia yenye majani, na kuna maeneo yenye mamba. Waulize wavuvi wa ufukwe huo kabla hujavua shati, na msimu wa upepo mkali kaa pembeni. Kama umekuwa ukioga ziwani mara kwa mara, nenda kituo cha afya ukapimwe kichocho. Dawa yake ipo na inafanya kazi.

Kwa wale wa kundi la kwanza, wenye kazi za nguvu: zoezi lenu ni robo saa ya kulala chali, miguu juu ya gunia au ukutani, mara baada ya kazi. Badilisha bega unalobebea. Kunywa maji kabla kiu haijakushika. Na mkiona mwenye kitambi anapita na raba mpya akiwahimiza mfanye mazoezi, mcheke tu.

Chakula: kianze na kilichopo

Anayekuletea karatasi ya dayati yenye brokoli na mkate wa kahawia hakufikiria jiko la Kigoma. Chakula cha hapa ni kizuri. Kinachohitaji kuangaliwa ni vipimo, na ni vitu vichache tu.

Sahani kwanza. Nusu yake iwe mboga, robo ugali au wali, robo kitoweo. Wengi wetu tumeigeuza: ugali nusu na zaidi, mboga kijiko cha kulainishia. Kwa kipimo cha mkono, ugali wa ukubwa wa ngumi yako unamtosha anayekaa ofisini. Mwenye kazi ya nguvu ale ngumi mbili na asijisikie vibaya.

Ugali wa muhogo ni utamaduni wetu, lakini unga wa muhogo karibu wote ni wanga na una protini kidogo sana, pungufu hata kuliko ya mahindi. Kwa hiyo anayekula muhogo asibane kitoweo. Muhogo mchungu lazima uwe umelowekwa siku kadhaa na kukaushwa vizuri ili sumu itoke. Nunua unga kwa mtu unayemjua, usinunue wa haraka haraka kwa sababu ya bei.

Dagaa ni zawadi. Wakikauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa tunawala na mifupa yao tunapata madini ya chokaa. Ukinunua, chukua mmoja umvunje: akikatika kwa mlio amekauka, akipinda bado ana maji na ataoza kabatini. Rangi iwe ya fedha, wakianza kuwa wekundu au njano mafuta yao yameshachacha. Walioanikwa kwenye vichanja hawana mchanga kama wa chini. Unalipa zaidi kidogo, unaokoa muda wa ungo na meno ya watoto. Migebuka na kuhe wachome au uchemshe mara nyingi zaidi kuliko kukaanga. Samaki mwenye mafuta yake ukimzamisha kwenye mafuta mengine umemfanyia nini?

Sasa mawese, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapogawanyika. Mmoja anasema ni sumu, mwingine anasema ni dawa ya kila ugonjwa. Mawese mekundu yana viini vingi vinavyogeuka vitamini A mwilini, jambo jema kwa macho na kwa watoto. Papo hapo, karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, ambayo yakizidi hupandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Mafuta ya alizeti yana kiasi cha sehemu moja tu kati ya kumi ya aina hiyo. Kwa hiyo mawese yabaki jikoni, kipimo kibadilike.

Kasimame jikoni uangalie yanavyomiminwa. Dumu la lita tano linainamishwa moja kwa moja juu ya sufuria, kizibo mkono wa pili, na mafuta yanaingia kwa mlio mpaka mpishi aone rangi imeridhisha. Hakuna aliyepima. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina kalori kama 120, na mmimino ule unaweza kuwa vijiko vinane. Hamishia mafuta kwenye chupa ndogo, weka kijiko pembeni, mkubaliane kijiko kimoja kwa kila mlaji kwa sufuria. Wiki ya kwanza sombe litaonekana limepauka. Ongeza kitunguu, nyanya chungu, karanga zilizotwangwa au ndimu, na wiki ya tatu hakuna atakayeuliza. Jambo lingine: usiyaunguze mawese mpaka yawe meupe. Tabia hiyo ya kuyachoma hadi moshi unatoka inaondoa ile rangi, na rangi ndiyo yenye vitamini. Ukifanya hivyo umebakiwa na ubaya bila uzuri.

Sukari iko kwenye chai na chupa. Soda nyingi za kawaida za mililita 350 zina sukari ya vijiko vya chai vinane au tisa. Hesabu pia chai ya asubuhi ya vijiko vinne na ile ya saa nne. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi hauna kumbukumbu ndefu, unazoea. Wazee wa Ujiji wanaokaa na kahawa chungu barazani wamelimaliza tatizo hili zamani, kama si ile kashata. Kuhusu chumvi, kiasi kinachopendekezwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu unachokula. Kama umenunua samaki wa chumvi, waloweke, mwaga maji, na usitie chumvi nyingine kwenye mchuzi. Matunda yaliwe kwa kutafunwa. Embe zima linashibisha. Maembe matatu yaliyosagwa na sukari juu yake yanapita kooni hujui yamekwenda wapi.

Anayekula kwa mama ntilie hana udhibiti wa jiko, lakini ana mdomo:

"Shikamoo mama. Leo niwekee ugali nusu, maharage na mboga ongeza."
"Marahaba. Nusu? Unaumwa?"
"Siumwi mama, nataka nisisinzie ofisini. Mboga yako ndiyo nimeifuata."
"Haya baba, kaa."

Siku ya tatu atakuwekea bila kuuliza. Usimwambie habari ya kitambi wala kalori mbele ya wateja wengine, utamfanya aone chakula chake kimetukanwa.

Sinia na maneno ya watu

Kula sinia moja na wengine ni jambo la kulindwa. Usije ukajitenga na kisahani chako pembeni kwa sababu ya mwongozo wa mtandaoni. Kwenye sinia kula upande wako, tonge ndogo, tafuna, zungumza. Anayezungumza hula taratibu, na tumbo huchukua muda kumwambia kichwa kwamba limeshiba. Ukifika kiasi, nawa. Kunawa mikono kunaeleweka na kila mtu. Kukaa na mkono mchafu huku ukisema "nimeshiba" ni kuomba ubembelezwe.

Ukweni au kwa wazee, chukua kidogo mara ya kwanza ili uweze kuongeza mara ya pili. Mama mkwe akikuona umeongeza ameridhika, hata kama jumla ni ile ile. Akisisitiza, sema, "Mama, nimeshiba kabisa, chakula kitamu sana, Mungu akubariki," na kama ni nyumba ya kufungashiana, omba ufungiwe. Hapo umeheshimu chakula na tumbo.

Maneno ndiyo magumu. Ukipungua kilo mbili: "Mbona umekonda, unaumwa, au nyumbani hakuna amani?" Ukiongezeka: "Umependeza, umejaa!" Hawana nia mbaya, kwao unene ni dalili kwamba mambo yako yamenyooka. Jibu fupi linatosha, "Mzima kabisa, namshukuru Mungu," kisha badilisha mada, waulize habari za watoto. Usianze kueleza ratiba yako. Mimi naona mtu akitangaza anajenga baraza la wasimamizi, na baraza hilo halina huruma. Nasi tujizuie: kumwambia binti mbele za watu kwamba amenenepa au amekauka si salamu.

Siku zinazovuruga

Ramadhani isikufanye uache, hamisha tu. Tembea taratibu nusu saa kabla ya futari au baada ya tarawehe, mazoezi ya misuli punguza nusu. Futari ianze na tende na maji au uji, kisha uswali, kisha urudi mezani. Ukishambulia viazi vya nazi, kaimati na maandazi kwa mkupuo utalala kwenye mkeka na sahani pembeni. Mwenye kisukari au anayetumia dawa kila siku azungumze na daktari wake kabla ya mfungo. Wakristo wa Kwaresima, hali kadhalika: mfungo wa mchana unaolipwa kwa chipsi za usiku haujapunguza kitu.

Harusini kula. Hiyo ni siku ya kula. Cheza muziki, hiyo nayo ni dakika zako 150, au sehemu yake kubwa ukikaa hadi ukumbi ufungwe. Kesho yake rudi kwenye sahani ya kawaida bila kujiadhibu kwa kushinda na njaa.

Mvua za kwetu ni ndefu, zinaanza karibu Oktoba au Novemba zinakwenda hadi Mei, kwa hiyo mpango wa kutembea tu utakwama. Andaa zoezi la ndani: kiti, ukuta, ndoo, na muziki wa dakika kumi na tano. Na kuna miezi ya samaki kuadimika. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na bila shaka kila jikoni palihisi. Zoea mapema kitoweo cha pili: maharage ya Kasulu, mayai, karanga, njegere. Ukinunua dagaa wakati wa wingi na kuwahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko, mahali pakavu, utavuka bila kukopa.

Utajuaje kama inaenda

Mizani acha. Kama ni lazima, mara moja kwa mwezi. Angalia tundu la mkanda, angalia kama umepanda Mwanga bila kusimama pale ulipokuwa unasimama, angalia usingizi, angalia hasira zako kwa watoto jioni. Rudi kwenye kurasa za wiki ya kwanza baada ya miezi mitatu uzisome zote kwa pamoja. Ukiona bado "sikuwa na kiu" inajirudia, mwezi unaofuata shughulika na hilo tu.

Kama chakula kimekuwa hofu, unakula kwa siri, unajitapisha, au unashinda na njaa siku nzima ili kujiadhibu, hapo daftari halitoshi. Nenda hospitali ukazungumze na mhudumu, na kama unaona haya, nenda na mtu unayemwamini.

Kipimo cha mwisho ni presha. Pima kituo chochote cha afya, umekaa umetulia dakika tano, hujatoka kupanda mlima wala kunywa kahawa, na uandike namba zote mbili. Zikiwa 140 kwa 90 au zaidi, moja wapo au zote, usiamue kwa kipimo kimoja; rudi siku nyingine, na zikibaki juu mwone daktari kabla hujaanza majani ya kuchemsha uliyopewa na jirani.